Mchwa wa Chumba cha Mama

Jumatatu, 3 Machi

Nimefagia chumba cha mama tangu asubuhi na kila nikigeuka zimerudi. Punje za rangi ya kahawia, ndogo kuliko ulezi, ziko chini ya kitanda, ziko juu ya shuka, na leo nimezitoa hata kwenye kikombe cha dawa. Mwanzo nilidhani ni mchanga wa ukutani, maana nyumba hii imezeeka na kuta zinapukutika. Lakini mchanga wa ukutani hauanguki katikati ya chumba na kujikusanya kichuguu.

Mama aliniangalia nikiinama na kuinuka. Tangu apooze upande wa kulia hatoki kitandani bila mimi, kwa hiyo kuniangalia ndiyo kazi yake ya mchana. Akaniambia niziache, hazimli mtu. Nikamwambia zinanila mimi kiuno.

Alhamisi, 6 Machi

Jua kali. Nimefagia. Nimemaliza sare za shule za wasichana, bado za wavulana. Punje zimeanza kudondoka mpaka barazani, kwenye cherehani yangu.

Jumamosi, 8 Machi

Mdogo wangu amekuja. Huyu ndiye kitindamimba wetu, anafundisha chuoni na maisha yake yote ni wadudu. Tunamwita Daktari, na majirani wengine mpaka leo wakisikia amefika wanaleta vikohozi vyao. Hajawahi kumchoma mtu sindano.

Nilimwonyesha zile punje. Akazimwaga kiganjani, akatoa kioo chake cha kukuzia vitu, akatabasamu. Tabasamu lile liliniudhi, kwa kuwa ni mimi ninayefagia. Akasema ni mavi ya mchwa, lakini si mchwa wa kichuguu. Hawa ni wa mbao kavu, hawahitaji udongo wala maji, wanazaliwa na kufia ndani ya boriti na takataka zao wanazisukumia nje kwa kitundu. Kisha akapanda juu ya meza, akawa anagonga boriti moja moja kwa kifundo cha kidole. Zikawa zinalia kama debe tupu. Aliposhuka tabasamu lilikuwa limekwisha.

Tulikula chumbani kwa mama ili asile peke yake, na mama akamwuliza mdudu laini namna ile anakulaje mti mkavu. Hapo mwenyewe akachangamka. Alisema mdudu hana mfupa wala jino, taya lake limetengenezwa kwa kitu kinachofanana na ukucha wetu, na mtu akitafuna mbao kwa ukucha hafiki mbali. Kwa hiyo mwili wake unachukua madini ya zinki na kuyapeleka kwenye ncha ya taya. Hayapakwi juu kama rangi, yanaingia ndani na kushikamana na ule ukucha mpaka unakuwa mgumu na hauliki upesi. Nge naye anayo kwenye mwiba wake, na sisimizi wanaokata majani wanayo. Kuna konokono wa baharini ambaye ulimi wake una meno ya chuma, anakwangua mwamba kama sisi tunavyokwangua ukoko. Mama akataka kujua hiyo zinki ndiyo nini. Akamwambia ni ile ile inayopakwa kwenye mabati yasishike kutu.

Mama akatazama juu, akatafuna taratibu kwa upande wake mzima.

"Kwa hiyo juu bati, chini yake meno ya bati, halafu mimi."

Tulicheka sote. Kisha nikauliza wanauawaje, na Daktari akainamia sahani. Njia ni mbili. Ama nyumba nzima ifunikwe kwa turubai na kujazwa moshi wa sumu siku kadhaa, asibaki hata paka. Ama paa lote lishushwe na mbao zichomwe. Kwa vyovyote lazima mama ahamie kwangu mtaa wa pili, na afanye hivyo kabla mvua haijalowesha zile mbao na kuzitia uzito.

Mama akasema yeye hatoki.

Jumapili, 9 Machi

Tumembembeleza kutwa. Amekataa kwa upole, na hilo ndilo baya, kwa kuwa akikataa kwa hasira huwa anapoa. Anasema baba alitolewa chumba hiki hiki anaongea, anaulizia viatu vyake, kupelekwa hospitali usiku mmoja tu, na hakurudi hai. Yeye akitolewa harudi. Daktari alinong'ona kwamba tunaweza kumbeba tu, mwanamke mwenyewe mwepesi kama nguo. Nikamwambia haya, anza wewe. Alisimama mlangoni kidogo halafu akaenda kuosha vyombo.

Jumatano, 12 Machi

Fundi seremala amekuja, yule tunayemwita Taratibu kwa sababu hajawahi kumaliza kazi siku aliyosema. Amesimamisha nguzo mbili kando ya kitanda kushikilia boriti kubwa. Kisha ametoboa vitundu na kupiga dawa kwa bomba la sindano. Mama amepiga chafya mpaka machozi, akamwuliza Taratibu anawaua mchwa au anamwua yeye, ajue ajiandae. Mumewe aliondolewa usiku asijue anakwenda kufa, alisema, basi yeye aulize mchana.

Nimewaambia wote wawili hiyo si mizaha ya kunichekesha.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua ya kwanza. Daktari hakuja, anasahihisha mitihani.

Jumatatu, 17 Machi

Nimefagia. Ziko pale pale.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua wiki nzima. Daktari amefika amelowa, na mkononi ameshika bahasha ndani ya mfuko wa plastiki ili isilowe. Nikajua amepata fundi mwingine, au kibali cha kitu fulani, au walau dawa yenye nguvu zaidi. Akafungua. Ilikuwa picha.

Mara ya mwisho alikuwa amechukua mchwa wachache kutoka kwenye boriti ya mama akawapeleka chuoni, kwenye mashine inayoonyesha madini. Picha ni ya taya moja lililokuzwa mpaka limekuwa kama mkono wa kaa. Mwili wote wa taya ni kijivu, lakini ukingo wa ncha unang'aa mweupe. Akanionyesha kwa kidole, pole pole, jinsi ule weupe unavyoishia pale hasa panapogusa mti, si mbele wala si nyuma. Akasema mchwa akijivua ngozi taya jipya huwa laini, halafu zinki inaingia mahali pake bila kukosea. Alikuwa anaongea kama mtu anayeonyesha picha ya mwanawe.

Nimemlea yule kijana. Nimembeba mgongoni nikienda kisimani, nimemshonea sare yake ya kwanza, na siku alipopata shahada nililia mbele za watu. Lakini leo nilimtazama nikaona mgeni. Mama amelala chini ya boriti zinazotafunwa, mvua inapiga juu, na yeye amekuja kunionyesha jinsi mtafunaji alivyo hodari. Nikamwambia, "Umekuja na picha. Mimi nilidhani umekuja na ngazi."

Alirudisha picha kwenye bahasha. Akasema, "Dada, hiki ndicho ninachokijua." Hakusema kwa kiburi, sasa hivi ninapoandika naona hakusema kwa kiburi. Lakini wakati ule nilimwonyesha mlango.

Jumatano, 26 Machi

Mlango wa chumba cha mama haufungiki tena. Juzi ulikuwa unakwaruza, leo umegoma kabisa. Taratibu anasema mlango hauna kosa, fremu inakandamizwa kutoka juu. Nikamwuliza paa litaanguka lini. Akasema linaweza kuwa kesho na linaweza kutuzika sote tukiwa wazee, mbao iliyoliwa ndani haitoi taarifa. Nimemwambia aongeze nguzo. Ameongeza. Sasa chumba cha mama kimekuwa kama ghala na napita upande upande nikimpelekea chakula.

Jumapili, 30 Machi

Mvua ilikatika mchana, kukawa kimya. Mama akaniita nikae naye kitandani. Akaniambia nisikilize. Sikusikia kitu. Akasema niweke sikio kwenye nguzo, nikaweka, na hapo nikawasikia. Ni sauti ndogo mno, kama mtu chumba cha pili anakunja karatasi asitake kukuamsha.

Mama anawasikia siku zote. Anasema amewazoea, ni kama kuishi na watoto. Wao wako humo, nawasikia, na nina mikono miwili mizima na siwezi kuwafanya lolote.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Mashati ya wavulana yamekwisha. Nimefagia.

Jumamosi, 5 Aprili

Daktari amefika asubuhi, hakusalimia vizuri, akapitiliza uani mpaka kwenye stoo. Alikaa humo muda mrefu. Nilidhani amenuna kwa yale ya picha, nikamwacha. Alipotoka alikuwa ameshika ndoo kuukuu ya plastiki na uso umemshuka, nami nikaacha cherehani nikamfuata.

Ameniambia hivi. Mchwa waliomo kwenye paa wana askari wao, na askari hao kichwa chao ni cheusi, kifupi, butu kama kizibo, wanazibia tundu nacho. Aina hiyo si ya huku kwetu. Yeye maisha yake yote ameiona mahali pamoja, kwenye mbao za ghala moja bovu lililokuwa linabomolewa mji wa bandari, alikokwenda kuchukua wadudu wa kusomea alipokuwa mwanafunzi. Mwaka ule maabara ya chuo ilifungwa kwa ukarabati. Akaleta zile mbao hapa nyumbani, akaziweka stooni ndani ya ndoo, miezi michache tu. Ni kweli, nakumbuka ndoo, nakumbuka nilimlalamikia zinachukua nafasi ya mkaa.

"Nilizifunika kwa wavu," alisema. "Wavu wa nailoni, dada. Kutwa nzima nilikuwa napima meno yao yalivyo magumu, jioni naenda kuwafungia kwa nailoni."

Akanionyesha ukingo wa ndoo. Kipande cha wavu bado kipo, na kina matundu ya duara, safi kabisa, kama yaliyotobolewa kwa msumari wa moto. Anasema aliyaona siku zile zile akadhani ni panya. Haikumjia hata kidogo kwamba ni wao. Vitabu alivyokuwa akisoma vilisema mchwa wanatafuna mti, basi naye akaamini kwamba watatafuna mti tu.

Nilikuwa na maneno mengi, yote mabaya. Nilirudi kwenye cherehani nikashona mfuko wa kaptura juu chini, nikaufumua, nikaushona tena juu chini.

Jumapili, 6 Aprili

Nilimkataza asimwambie mama. Nilimwambia mama ni mgonjwa, na kwamba kukiri kwake kutampunguzia yeye mzigo na kumwongezea mama. Akanisikiliza mpaka mwisho halafu akaingia.

Nilisimama mlangoni pale pasipofungika. Alipiga magoti kati ya nguzo, akamweleza yote, ndoo, wavu, panya. Mvua ilikuwa nyepesi. Alipomaliza mama aliweka mkono wake mzima juu ya kichwa cha mwanawe, akimpapasa nywele kana kwamba anatafuta chawa.

"Kumbe ni wako," akasema.

"Ni wangu, mama."

Akatazama boriti iliyo juu yake. Aliitazama kutoka mwisho huu hadi mwisho ule. Kisha akasema, "Basi nitoeni."

Mwezi mzima. Mwezi mzima tumepiga magoti, tumelia, nimesusa mpaka kula, na leo kwa neno moja. Daktari alitoka mbio kutafuta gari kabla hajabadili mawazo. Nilipokuwa namvalisha sweta nilimwuliza kwa nini, nikiwa na hasira, sitaficha, nikiona kitindamimba ameomba mara moja akapewa. Mama alisubiri nimpitishie ule mkono mgonjwa kwenye sweta.

"Paa likiniangukia, mimi nitakuwa nimekufa, basi," alisema. "Yeye ndiye atakayebaki nalo."

Walimtoa juu ya kiti, Daktari na Taratibu. Tulipofika mlangoni alifumba macho, na hakuyafumbua mpaka nilipomlaza sebuleni kwangu. Mume wangu alikuwa amehamisha televisheni na kumtandikia karibu na dirisha.

Alhamisi, 10 Aprili

Mama amekunywa uji nusu kikombe. Anatazama dari langu la zege. Anasema hapa kimya mno.

Jumanne, 15 Aprili

Ameuliza kama limeanguka. Nimesema bado. Akasema, "Aha." Uji hakumaliza.

Jumamosi, 19 Aprili

Daktari amechukua likizo na analala kwangu, jikoni. Kila siku anapita kule kwenye nyumba, anasimama uani kwenye mvua akitazama paa. Leo nilimfuata. Nilisimama naye chini ya mwavuli mmoja. Paa limebonyea katikati lakini limesimama. Nikagundua kwamba anataka lianguke, anatamani kabisa, ili ijulikane tulifanya vema kumtoa. Na mimi nilikuwa natamani vile vile. Tulisimama pale watu wazima wawili tukiiombea mabaya nyumba ya baba yetu, na nyumba ikatukatalia.

Jumatano, 23 Aprili

Mama hali kitu. Muuguzi wa zahanati amekuja, amemsikiliza kifua, amesema hana ugonjwa mpya. Nimejaribu kijiko kwa kijiko. Anafunga mdomo kwa adabu, kama mtu aliyeshiba kwa wenyeji.

Jumamosi, 26 Aprili

Mama amefariki asubuhi hii. Sina la kuandika.

Jumapili, 4 Mei

Watu wa matanga wamekwisha kuondoka. Wengine walitaka kuketi kwa mama, kwenye nyumba yake, ikabidi Daktari asimame mlangoni kuwazuia na kuwaeleza habari za paa. Shangazi mmoja alitazama juu akasema mbona limesimama vizuri tu. Alisema bila ubaya. Daktari alikwenda nyuma ya stoo na hakurudi mpaka jioni.

Jumanne, 13 Mei

Mvua zinakwisha. Daktari amekonda, suruali anaifunga kwa kamba. Chuoni wamepiga simu, hapokei. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia mwaka mzima, nina haki hiyo, lakini kila asubuhi nakuta chai niliyomwachia imepoa bila kuguswa, na chuki inakosa mahali pa kukaa.

Leo aliniuliza. "Tungemwacha mle, angekuwa hai?"

Nilisema sijui, na ni kweli. Akasema yeye atajua. Amemwita Taratibu ashushe paa Jumamosi. Anataka kuiona boriti ya chumba cha mama kwa ndani. Ikiwa imeliwa yote, basi. Ikiwa haikuliwa, hakumalizia sentensi.

Jumamosi, 17 Mei

Taratibu amekuja kwa wakati, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Mabati yameshuka kabla ya saa nne na Daktari akaenda nayo kwa gari la mizigo kuyahifadhi kwangu. Mbao zilikuwa zinachomwa uani, kila inayoshuka inaingia motoni ili mchwa wasipate pa kwenda. Nyingi zilivunjika kwenye kuzibeba. Zilikuwa ganda tu, ndani unga na punje, ukizitupa motoni zinawaka puu na kuisha.

Boriti ya mama ilishuka mwisho, na ilishuka nzima. Taratibu aliikata kwa msumeno katikati. Nje kulikuwa kumeliwa, upana wa vidole viwili, punje zikamwagika miguuni kwetu. Lakini ndani kulikuwa na moyo wa mti, mwekundu, mnene kama paja langu, hauna tundu hata moja. Taratibu aliupapasa. Akasema huu mti moyo wake hata wao umewashinda, hii ingemsitiri bibi mpaka achoke mwenyewe.

Nilimwambia anisaidie kuishika. Tulizibeba zile nusu mbili tukazitia katikati ya moto, tukazifunika kwa mbao nyingine, na nikamwambia asinitazame vile.

Daktari aliporudi alitazama rundo, akatazama kuta zilizobaki wazi.

"Ya chumba cha mama iko wapi?"

"Imeshaungua," nikasema.

"Ilikuwaje?"

Taratibu aliinama kutafuta misumari chini.

"Unga mtupu, mdogo wangu. Imevunjikia mikononi mwetu kabla hatujaifikisha chini. Ingemwua."

Alikaa pale pale kwenye kokoto akalia, kilio kikubwa cha mtu mzima, ambacho siku ya mazishi hakikutoka. Nilimwacha alie. Baadaye akajifuta uso kwa shati, akauliza kama kuna chakula, nikampakulia wali nilioleta kwenye bakuli, akala wote.

Mbao za unga zilikuwa zimekwisha kuwa majivu zamani. Ile boriti ilikuwa bado inawaka, nyekundu, umbo lake lote linaonekana, na ingewaka hivyo mpaka jioni. Nikavuta kigoda changu nikakaa kati yake na Daktari.